Mayungiyungi Yaliyofumbuka Kichwani Kwangu

Jamani, tope lina harufu yake. Sisemi tope la barabarani, la matairi na mafuta. Nasema tope la lambo, lile jeusi la mbuga, ukilikanyaga linakushika mguu kama mtoto asiyetaka uondoke. Juzi nimelinusa Geita mjini, mahali ambapo sikulitegemea kabisa.

Nilikwenda kumtembelea mjukuu wangu Nyamizi. Anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni, wanakolala wanunuzi wa dhahabu. Pazuri, vigae mpaka mlangoni, unaogopa kukanyaga. Uani wamejenga kidimbwi cha saruji, na ndani ya kidimbwi mtunza bustani alikuwa amepiga magoti anang'oa majani yaliyooza. Akavuta moja, likaja na tope lake, harufu ikapanda. Nikageuka. Nikaona mayungiyungi. Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, nikashika ukuta.

"Bibi, watu wanaangalia," Nyamizi ananiambia.

"Waangalie. Mimi na hawa tunafahamiana."

"Na nani?"

"Haya maua. Nimeshayabeba kichwani, yakafumbuka watu wakiona."

"Bibi jamani, hayo ni ya mapambo. Yameletwa kwa gari kutoka Mwanza."

Ya mapambo! Yamepanda gari! Nikacheka tena. Nyinyi wenzangu wa umri wangu mliokulia kwenye mbuga, nyinyi mtanielewa. Hawa watoto hawajui kwamba yungiyungi ni mtu wa kwetu, halikuhitaji nauli.

Lambo letu lilikuwa ng'ambo ya Bugarama, wakati huo hakuna mgodi mkubwa wala taa zake. Ukiona mwanga kule unajua kuna mtu anachoma nyasi. Mvua zikinyesha lambo linajaa mpaka linagusa mashina ya migunga, na mayungiyungi yanatandaza majani juu ya maji kama sahani za harusi. Kuna ndege mmoja mwenye vidole virefu anatembea juu yake na hazami, sisi tulikuwa tunamwonea wivu. Chini ya majani kuna vyura, kuna kambare, kuna ruba wa kukung'ang'ania kwenye shavu la mguu. Kiangazi kikija maji yanarudi nyuma, ukingo unapasuka mipasuko ya kuingia mguu wa mbuzi, na yale mayungiyungi ya pembeni yanakauka. Unasema yamekufa. Hayajafa! Kila moja lina kiazi chake chini, kimelala kwenye tope pamoja na samaki kamongo, wanangoja. Mvua ya kwanza tu, majani hayo yametoka. Mimi nilikuwa nayapenda kwa sababu hiyo. Nilikuwa nayaona majanja.

Yalikuwa ya aina mbili. Kuna yale ya bluu, mama alikuwa anasema ya rangi ya moshi, yanafumbuka jua likipanda na yananukia vizuri. Wasichana wote waliyapenda, wanavunja bua vipandevipande linakuwa mkufu, ua linaning'inia kifuani. Halafu kuna meupe, makubwa, yako kule kwenye maji ya ndani kidogo. Hayo meupe sisi hatukuyajali. Ukienda kuchota maji mchana unayakuta yamefumba, kijani kijani, kama ngumi. Tulidhani ni maua yaliyoshindwa kazi.

Sasa sikilizeni ugomvi ulivyoanza.

Lile lambo lilikuwa na upande wa ng'ombe na upande wa watu. Upande wa watu ndiko kulikokuwa na mayungiyungi, na maji yake yalikuwa mazuri, ya kuona kidole cha mguu. Wazazi walizungushia miba ng'ombe wasiingie. Tulichota hapo sisi wa mlimani na wenzetu wa bondeni, na maji yakiwa mengi hakuna neno. Lakini kiangazi kile maji yaliondoka mpaka upande wa watu ukabaki kama sinia. Wa kwanza kuchota alfajiri anapata maji. Wa pili anapata uji wa tope.

Na wa kwanza walikuwa wao, wa bondeni. Kila siku. Walikuwa na kiongozi wao anaitwa Holo, msichana mrefu, ana mikono kama mchi, sauti yake inafika kijiji cha pili. Wanaamka mapema, wanaingia na miguu, wanavuruga, halafu wanatucheka tukifika.

"Karibuni chai, wa mlimani! Maziwa tumeshatia!"

Nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto mdogo, mdogo wangu Shija, alikuwa ndiyo kwanza anakaa. Yale maji ya tope yalimshika tumbo. Mama anachemsha, anaacha yatulie, anachuja kwa khanga, lakini mtoto anaharisha tu. Akawa mwepesi. Ukimbeba unasikia umebeba nguo. Nilimwona mama anamwangalia usiku na mchana, na mimi nikajua kwamba mtungi ninaoleta mimi ndio unaomuumiza. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayajarudi yote, lakini hilo nililijua.

Basi siku moja Minza, rafiki yangu, akashindwa kuvumilia. Akamrushia Holo tope la uso. Ah! Tulipigana pale, mitungi ikavunjika, nywele zikang'oka, mpaka wazazi wakasikia kelele. Tukapangwa mstari kama wezi wa mahindi. Mama yake Holo anasema ni sisi, mama yangu anasema ni wao. Mwishowe mama akasema:

"Kama wana nguvu za kupigana, wana nguvu za kucheza. Wakacheze mbina. Atakayeshinda ndiye atakayechota kwanza mpaka mvua zinyeshe."

Wazazi wote wakaitikia. Kwetu Usukumani mambo mengi yalikwisha hivyo, kwa ngoma. Watu wazima wenyewe baada ya mavuno walikuwa wanashindana, Wagika huku na Wagalu kule, wanacheza kiwanja kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni miguu ya watu. Watazamaji wakikuacha wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, funga ngoma urudi nyumbani. Ndiyo maana wachezaji walikuwa wanafanya vituko, huyu anacheza na chatu, huyu na nungunungu, ilimradi watu wasiondoke.

Sisi tulipewa siku: siku hiyo ng'ombe wakija kunywa mchana, tuanze, na jua likizama tuache.

Minza akaniangalia. "Tumekwisha," akasema.

Alikuwa anasema kweli. Holo alikuwa anacheza mpaka mabega yanataka kuruka yaende zake. Kwetu kulikuwa na Minza tu. Wengine walijikokota, na mimi, nisiwafiche, mimi nilikuwa gogo. Ukinipigia ngoma nanyanyua mguu mwingine na ile ngoma inataka mwingine. Kazi yangu ilikuwa kushika debe ili mtu apige.

Lakini mimi nilikuwa na siri.

Mjomba wangu Masanja, kaka yake mama, alikuwa manju. Manju mkubwa, anatunga, anaimba, akisimama kiwanjani watu wanasahau mifugo. Na kila mtu alikuwa anajua kwamba manju hawezi kuvuta watu hivyo bila dawa. Ile dawa ya ngoma inaitwa samba, kila manju anayo yake na hasemi inatoka wapi. Sasa mimi, siku chache kabla ya ugomvi, nilikuwa nimekwenda kutafuta mbuzi aliyepotea, nikamwona mjomba lamboni peke yake, jua kali, watu wote wamejificha vivulini. Ameingia mpaka magotini kule kwenye mayungiyungi meupe. Anachimba kwa mikono. Anatoa viazi vyeusi vina nywele, anavitia kwenye mfuko wa ngozi, anaangalia huku, anaangalia kule, anachimba tena. Nikalala kifudifudi nyuma ya kichuguu.  Nikajiambia: nimeiona! Nimeiona samba ya mjomba!

Nyinyi mliokula viazi vya yungiyungi mwaka wa njaa mmeshaanza kucheka, nawasikia. Ndiyo, ilikuwa chakula. Mjomba alikuwa amezunguka na ngoma zake msimu mzima, shamba lake la mtama likabaki na ndege kwelea, wakala mpaka mabua. Manju mzima, watu wanamshangilia Kahama mpaka Ushirombo, nyumbani wanapika vitu vya lamboni. Alikuwa anaona aibu, ndiyo maana alijificha. Lakini mimi nitajuaje? Kwetu kulikuwa na michembe ndani, viazi vitamu vya kukaushwa, njaa ya mjomba haikunifika. Mtoto akiona mtu anajificha, anajua ni uchawi tu.

Sikumwambia mtu. Hata Minza sikumwambia, dawa ya ngoma ukiisema inakufa, nilikuwa nimesikia hivyo. Siku ya shindano asubuhi nikamwomba mama chungu cha zamani, kile chenye ufa mdomoni.

"Cha nini?"

"Cha kuchezea, mayu."

"Wewe? Utacheza wewe?" Mama akanitazama. Halafu akamtazama Shija amelala kwenye ngozi ya mbuzi. "Chukua," akasema.

Nilipofika lamboni nikakuta Holo na wenzake wameshapita. Maua yote ya bluu yamekwisha, wamechuma hata vitoto vyake. Wako ukingoni wanavishana mikufu, wamejaza vichwani, shingoni, kiunoni. Haki ya Mungu walikuwa wazuri. Walikuwa kama lambo lenyewe limeamka likaanza kutembea.

"Kabula!" Holo akaniita. "Umechelewa soko! Yamebaki majani, kavae majani!"

Wakacheka. Mimi nikapita, nikakunja gauni, nikaingia kwenye maji, moja kwa moja kwenye yale meupe. Si nimeshajua dawa iko wapi? Nikazamisha mikono, nikafuata bua mpaka chini, nikapapasa, nikakipata kiazi. Sikutaka kukikata. Dawa iko kwenye kiazi, kwa hiyo kiazi lazima kije kizima. Nikachimbua na tope lake, na mizizi yake, na majani yake, na yale maua yaliyofumba kama ngumi, nikapakia vyote kwenye chungu. Na kiazi kingine tena pembeni. Nikajaza maji kwa juu. Kilikuwa kizito! Shingo iliniingia mwilini kama ya kobe. Lakini nikakipandisha kichwani, nikarudi, ruba mmoja mguuni sikumtoa hata, sina mkono.

Minza aliponiona akashika kiuno.

"Kabula. Hiyo nini?"

"Maua."

"Maua gani yamefumba macho? Umetuletea vitunguu!"

"Ngojeni tu."

"Tungoje nini? Wenzetu wamejipamba wamekuwa maharusi, sisi tunakwenda na chungu cha mboga?"

Wenzangu wakasema nikitue. Nikasema sikitui. Wakasema basi nikae nyuma. Nikasema sikai nyuma, nakaa katikati, mnizunguke. Sijui niliutoa wapi ujasiri ule. Nadhani niliutoa kwenye chungu. Minza akaniangalia sana, akasema, "Mama yako ndiye aliyeomba hii ngoma. Tukishindwa, wewe ndiye utakayemwambia." Nikasema nitamwambia.

Mchana ukafika, ng'ombe wakaja, wachungaji wakakaa kwenye kivuli chembamba cha migunga, akina mama wakaja na watoto mgongoni, wazee na vigoda vyao. Kiwanja kilikuwa pale pale kando ya lambo, ardhi ngumu iliyokauka. Wao upande wa bondeni, sisi wa mlimani. Debe likalia huku, debe likalia kule.

Watu walikwenda kwa Holo wote. Wote! Hata wa kwetu! Nilimwona shangazi yangu mwenyewe anatembea kinyumenyume, anajifanya anatafuta kivuli, mpaka amefika kwao. Holo alikuwa anatikisa mabega na mikufu inaruka, njuga zake za mbegu zinalia chaka chaka chaka. Kwetu walibaki mama na Shija, mjomba Masanja, na kipofu mmoja mzee ambaye alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi na hakuona sababu ya kuhama.

Na mimi katikati, chungu kichwani, siwezi kuruka. Nikiruka maji yanamwagika. Ikabidi niende pole pole, nasogeza unyayo bila kuunyanyua, shingo imenyooka, mikono imekaa pembeni. Maji yananitiririka usoni, ya tope, yananiingia mdomoni. Wenzangu wananizunguka wanaimba, lakini sauti zinakatika, wanamtazama Holo kwa jicho la pembeni. Minza analia huku anaimba. Nikawa nasema ndani kwa ndani: samba ya mjomba, fanya kazi. Fanya kazi jamani. Shija ana tumbo.

Jua likawa linashuka, na mimi nikaona kitu cha kwanza. Mikufu ya Holo ilikuwa inafumba. Yale maua ya bluu ni ya asubuhi, mchana ukigeuka yanajifunga, na yakiwa yamechumwa ndiyo kabisa. Kidogo kidogo yakajikunja, yakalegea, yakabaki yananing'inia kama mikia ya panya waliolowa. Akina mama wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Mbona wamevaa mlenda?" Lakini hawakuhama. Holo alikuwa anacheza bado, na alikuwa anacheza vizuri, siwezi kumdhulumu.

Halafu kitu kikanitembea kwenye paji la uso.

Nilidhani maji. Maji hayana vidole. Nikageuza macho juu nikaona miguu miwili myembamba, na tumbo jeupe linapumua. Chura! Alikuwa amelala kwenye tope la kiazi changu, nimemleta naye, sasa amechoka kutikiswa. Akashuka, akakaa juu ya pua yangu. Sikuweza kumtoa, nikiinua mkono chungu kinayumba. Nikapuliza. Akaruka juu ya bega. Nikatikisa bega. Akaruka bega la pili. Nikatikisa na lile. Jamani, mimi niliyekuwa gogo, mabega yangu yalicheza siku ile, la kulia na la kushoto, kwa mpangilio, na debe lilikuwa linaendana nayo kabisa!

Yule kipofu hakuona, lakini alimsikia chura akilia sikioni kwangu. "Kro," chura akasema.

"Wana nini hao?" kipofu akauliza kwa nguvu.

Mjomba Masanja akasimama. Mdomo wazi. "Wana chura," akasema. Halafu akapiga kelele kama anavyopiga kiwanjani: "Wana chura! Wagalu wana nungunungu, wengine wana chatu, wa mlimani wanacheza na chura!"

Vichwa vikageuka. Wachungaji wakaja kwanza, halafu watoto, halafu akina mama wanasukumana. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Shangazi yangu akarudi mbio, hata aibu hana: "Huyo ni mtoto wa kaka yangu! Huyo ni wa kwetu!" Minza akaona watu, sauti ikamrudi, akaanza kuimba wimbo wa chura, kautunga pale pale, chura anawauliza wa bondeni nani kawatilia tope kwenye maziwa. Watu wakaitikia. Holo akaona anaachwa, akaongeza, akaruka juu, baadhi ya watu wakarudi kwake. Chura naye akaruka chini akaenda zake lamboni, kazi yake imekwisha. Watu wakaanza kugawanyika tena. Nikawaona. Huyu anakwenda, huyu anasimama katikati, hajui. Jua limebaki kidogo tu juu ya migunga, kama kipande cha boga.

Nikasikia kimya.

Sikujua ni kwa nini. Mimi nilikuwa chini ya chungu, sioni kitu. Debe letu likanyamaza. Minza ameacha kuimba, ananitazama juu ya kichwa.

"Usisogee," akaniambia polepole. "Kabula, usisogee kabisa."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Yanafumbuka."

Mayungiyungi meupe ni ya jioni. Mchana yanalala, jua likianza kuzama yanaamka, na yale yangu yalikuwa na kiazi, na mizizi, na tope, na maji, hayakujua hata kama yamehama. Yalikuwa yako nyumbani. Wananiambia lilianza moja, lile kubwa, likaacha upenyo kama mtu anayechungulia mlangoni. Halafu likajiachia, jani jeupe moja, jingine, na ndani njano kali. La pili likafuata. Mimi sikuona, lakini niliona nyuso. Mpaka leo nikifumba macho sioni ua, naona nyuso za watu wa kwetu zimepigwa na jua la jioni, zote zinatazama juu ya kichwa changu, midomo wazi, wazee, wachungaji, wale wa mlimani na wale wa bondeni, mama yake Holo amejishika shavu. Walikuja wote. Walikuja polepole, wakinyata, kama wanaogopa kuyaamsha vibaya. Upande wa pili ukabaki vumbi na wale wasichana wenyewe, na baadaye hata wao wakaja. Holo alikuja wa mwisho. Akasimama mbele yangu, anahema, mikia ya panya inaning'inia shingoni.

"Umeyafanya nini?" akaniuliza.

"Siri," nikamwambia.

Jua likazama. Mama yangu akasema kwa sauti ndogo tu, "Watu wako wapi?" Wote walikuwa wamesimama kwetu.

Basi wakanitua chungu, shingo haikurudi mahali pake haraka, Minza ananikumbatia ananipaka kamasi, shangazi anacheza peke yake. Mjomba Masanja akanivuta pembeni, ameinama mpaka uso kwa uso.

"Mpwa wangu, mimi nimecheza ngoma tangu sijaota ndevu. Sijaona kitu kama kile. Hiyo samba umepewa na nani?"

Nikaona ananijaribu. Nikamnong'oneza: "Ni yako, mjomba. Nilikuona unachimba. Sikumwambia mtu."

 Uso ukambadilika, nikadhani nitapigwa. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, manju mzima, akaanza kucheka, anacheka machozi yanashuka kwenye ndevu, akamwita mama.

"Dada, njoo! Njoo usikie! Mwanao ameshinda kwa chakula changu cha mchana!"

Mama hakuelewa. Mjomba akamweleza. Akaeleza kila kitu mbele ya watu, kwelea, mabua, viazi vya lamboni, watoto wake wanavyokula wakiziba pua, na watu walicheka naye, hakuna aliyemcheka yeye. Mama akasema, "Masanja, mimi nina michembe ndani na wewe unachimba tope?" Mjomba akasema aliona aibu. Mama akasema, "Aibu ipeleke huko." Jioni ile alimfungia kapu la michembe, na mjomba naye akaleta viazi vyake, mama akavimenya akavichemsha pamoja na vile viwili vyangu. Nikavionja. Jamani, dawa ile! Ina ladha ya kiazi kitamu kilichopotea njia kikalala kwenye zizi. Nilikula na mabega yangu yote mawili, nikitegemea kesho niamke ninajua kucheza. Sikuamka ninajua.

Lakini niliamka mapema. Wote tuliamka mapema, sisi wa mlimani, tukashuka na mitungi kabla jua halijatoka. Tukawakuta wa bondeni wameshafika, wamekaa ukingoni, mitungi yao imeinamishwa chini, wanangoja. Hakuna aliyetukana. Holo akasogeza miguu yake nipite.

"Wewe kwanza," akasema.

Sikuingia na miguu. Hakuna aliyeingia na miguu siku ile, wala siku zilizofuata. Nilichuchumaa pale penye jiwe, nikatengeneza njia kwa kibuyu kati ya majani, nikaona kidole changu chini kabisa, kinanichungulia. Nikachota. Nikajaza mpaka shingo ya mtungi. Nikampisha Minza, Minza akampisha mwenzake, na kwa kuwa hakuna aliyevuruga, Holo naye alipofika zamu yake alipata maji safi. Alinitazama, akajaza mtungi wake akaondoka.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni na Shija mkononi. Akachungulia ndani ya mtungi. Akachota kwa kata, akainyanyua kwenye mwanga, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule. Mama yangu hakuwa mtu wa vigelegele. Hata kwenye harusi alikuwa anapiga makofi tu. Asubuhi ile alipiga kimoja, kirefu, jogoo wa jirani akanyamaza, na huko mbali bondeni mtu fulani akakiitikia.